Esau Fortuin Anasema Hapana

Kaka yangu Esau anakunja maboksi katika ghala la peasi, na hakuna mtu katika bonde letu anayemshinda. Boksi linamfikia likiwa bapa. Analipiga kofi huku, analipiga kofi kule, anachomeka masikio yake, tayari. Mwingine akikunja moja, yeye ana mawili. Siku moja wageni walikuja kuangalia peasi zetu, wakaishia kumwangalia Esau.

Esau ana miaka thelathini na minne. Mimi, Siena, ni mdogo wake kwa miaka sita. Akili ya kaka yangu inakwenda polepole tangu alipozaliwa. Hajui kusoma. Ukimwambia mambo matatu kwa mpigo, analishika moja tu. Pia ana kifafa, na kila asubuhi na kila jioni anameza kidonge. Lakini ukimfundisha jambo taratibu, likamkaa, halimtoki tena. Hilo sikulijua zamani. Nilidhani namjua kaka yangu kuliko watu wote.

Tunaishi na mama yetu, Mama Drieka, katika nyumba za wafanyakazi, upande huu wa mji wa Ceres. Mama alifanya kazi mashambani tangu utotoni. Sasa miguu imechoka. Anapika, anafuma vitambaa, na anasikiliza raga redioni kwa sauti ya juu mno.

Ijumaa ghala hufungwa mapema. Kila Ijumaa Esau alikuwa akienda kwa Fanie Apools. Fanie anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Nyuma ya nyumba yake kuna kibanda cha mabati. Wanaume hukaa hapo wakachoma nyama, wakacheza dhumna, na kunywa mvinyo wa bei rahisi, ule unaouzwa kwenye mfuko.

"Esau! Kaka mkubwa!" Fanie alikuwa akimwita kutoka mbali. "Njoo bwana, meza imepoa bila wewe!"

Esau alikuwa akienda mbio. Alikunywa kila alichopewa. Hakujua kiasi, wala hakujua kusema "imetosha." Akishalewa, walimwambia apande juu ya benchi acheze. Alicheza. Wao walicheka mpaka wakashika mbavu. Mara nyingi ndiye aliyetumwa kununua mfuko mwingine, kwa fedha zake.

Nilikuwa nikimkaripia. "Esau, usinywe! Umenisikia?"

"Nimekusikia, Siena."

Ijumaa iliyofuata alirudi akipepesuka. Nikasema huyu ni mkaidi.

Ijumaa moja mwezi wa pili, jua likiwa kali, nilikuwa natoka dukani kununua mkate. Kando ya mfereji wa kumwagilia mashamba nikaona kiatu. Halafu nikamwona Esau. Alikuwa ameanguka kifafa. Mwili ulikuwa unatetemeka, na uso wake ulikuwa shibiri moja tu kutoka kwenye maji. Harufu ya mvinyo ilimzunguka.

Nilipiga kelele. Nilimvuta kwa shati. Nikachukua ufunguo wa nyumba, nikautia kati ya meno yake, kama tulivyozoea kuona watu wakifanya. Ulimpasua mdomo. Damu ikatoka. Nilidhani anakufa mikononi mwangu.

Hakufa. Lakini mimi nilibadilika. Wiki iliyofuata nilimsubiri kwenye lango la ghala. Nikamshika mkono mbele ya watu wote, nikampeleka nyumbani. Nikafunga mlango kwa ufunguo.

"Siena, wananisubiri," alisema.

"Wakusubiri mpaka wachoke."

Nilifanya hivyo Ijumaa tatu. Nilijiona mlinzi hodari. Lakini ghalani walianza kumtania Esau: "Yaya wako anakuja saa ngapi?" Jumatatu iliyofuata Ijumaa ya tatu hakuamka kwenda kazini. Alilala akiutazama ukuta. Jumanne vilevile. Mtu ambaye hakuwahi kukosa kazi hata siku moja.

Mama alikwenda zahanati kumchukulia vidonge. Alipoulizwa habari za nyumbani, machozi yakamtoka. Basi kesho yake Nesi Cupido wa zahanati alikuja kwetu.

Nesi Cupido ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu vya mpira na sauti ya upole. Hakukaa kwenye kiti tulichompa. Alikaa sakafuni, karibu na kitanda cha Esau.

"Habari yako, Esau?"

"Hajambo kidogo, Nesi," nilijibu mimi. "Ila hataki kula."

"Dada, nimemuuliza yeye."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Esau," alisema Nesi, "kwa Fanie unapenda nini?"

Esau hakujibu. Nikafungua mdomo. Nesi akainua kidole kimoja. Tukangoja. Chai nyekundu aliyopikiwa Nesi ilikuwa imeshaanza kupoa Esau aliposema, akiwa bado ameutazama ukuta:

"Wananiita."

"Wanakuitaje?"

"Wanasema, Esau njoo, kaa hapa. Hapa nyumbani nikiitwa, nimekosea kitu."

Mama alishika kiti. Mimi nilitazama dirishani.

Nesi akamuuliza kama anakunywa kila siku. Esau alisema ni Ijumaa tu. "Nauliza kwa sababu," Nesi alitueleza, "mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Anaweza kuugua vibaya. Huyo aje kwanza zahanati tumsaidie. Esau yeye anaweza kuacha sasa, akitaka."

"Hataki," nilisema. "Nimemwambia mara mia asinywe."

"Ulimwambia kwa nini asinywe?"

"Kwa sababu ni mbaya."

"Peasi iliyooza ni mbaya. Mbwa anayeuma ni mbaya. Mvua siku ya kuvuna ni mbaya," alisema Nesi. "Yeye atajua ubaya upi? Na mlango huo, Siena, utaufunga mpaka lini?"

"Mpaka siku nitakayokufa mimi," Mama alijibu kwa sauti ndogo. "Halafu itakuwaje?"

Nesi alinigeukia. "Kaka yako ni mtu mzima. Anafanya kazi. Ana haki ya kuelezwa jambo linalohusu mwili wake. Mweleze kwa maneno mafupi. Jambo moja kwa siku. Mwonyeshe kwa picha. Halafu mwambie akueleze yeye. Usimuulize kama ameelewa, maana atakwambia ndiyo ili umwache. Jumatatu jioni tuna darasa pale maktaba. Kuna wengine watano kama yeye. Njooni."

Esau aligeuka kutoka ukutani. "Na mimi nimeitwa?"

"Wewe ndiye niliyekuja kumwita," alisema Nesi Cupido.

Darasani, Nesi alikuwa amechora mtu mkubwa juu ya boksi lililokunjuliwa. Esau alilitazama akasema, "Hili la kilo kumi na mbili." Wote wakacheka, naye akacheka.

Somo la siku ile lilikuwa moja tu. Nesi alibandika karatasi nyeupe juu ya kichwa cha yule mtu. "Hiki ni kidonge cha Esau. Ni mlinzi. Kinakilinda kichwa kisipate kifafa." Kisha akabandika karatasi nyekundu. "Huu ni mvinyo. Ukiingia, unamsukuma mlinzi. Mlinzi akianguka, Esau naye anaanguka." Alirudia mara tatu. Halafu akasema, "Esau, nieleze mimi. Jifanye sijui."

Esau alisimama. Alifikiri. Akasema, "Mlinzi akilewa, mwizi anaingia."

Watu walipiga makofi. Nesi aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. "Miaka kumi na tano nafundisha," alisema, "sijawahi kulisema vizuri hivyo."

Esau hakuketi. "Nisipomeza kidonge Ijumaa? Nikinywa mvinyo peke yake? Hawatapigana."

Nilishangaa. Kumbe kaka yangu anaweza kuuliza swali kama hilo.

"Swali zuri sana," alisema Nesi. "Usipomeza kidonge, mlinzi hayupo kabisa. Mlango uko wazi. Hiyo ni hatari zaidi. Kidonge ni kila siku."

Baadaye alitufundisha sisi ndugu namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka kifafa. Ondoa vitu vigumu karibu naye. Weka kitu laini chini ya kichwa chake. Mlaze ubavu. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kitu chochote mdomoni. Tazama saa: ikipita dakika tano bila kuacha kutetemeka, ita gari la wagonjwa. Nilitazama kovu dogo kwenye mdomo wa Esau, nikainamisha kichwa.

Jumatatu iliyofuata tulifanya mazoezi ya kukataa. Nesi alisema kujua peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kujua vizuri, lakini rafiki akimnyooshea kikombe, mkono unapokea wenyewe. Kwa hiyo mdomo ufanye mazoezi, na mkono ufanye mazoezi.

"Siena, wewe uwe Fanie," aliniambia.

Nikachukua kikombe cha maji, nikatembea kwa mikogo kama Fanie. "Kaka mkubwa! Kimoja tu! Au unamwogopa dada yako?"

"Hapana," alisema Esau.

"Ah, kunywa bwana! We mwanamume gani?"

"Hapana. Nina dawa."

"Kimoja hakiui!"

Esau alinitazama kwa uchungu. "Siena, wewe si rafiki."

Darasa lilivunjika mbavu. Mimi mwenyewe nilicheka. Lakini usiku ule niliyafikiria maneno yale ya Fanie. Nilikuwa nimeyasema kwa mchezo, na bado yalimuuma.

Sikufunga mlango tena. Ijumaa ya kwanza Esau alikwenda kwa Fanie na chupa ya tangawizi baridi aliyotengeneza Mama. Nilikaa barazani, mikono ikiwa kati ya magoti. Alirudi jua likiwa juu bado. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Nimekunywa kimoja," alisema. "Nimekuja kukwambia."

Damu ilinipanda. Nilitaka kupiga kelele. Nikakumbuka kwamba kelele zangu hazijawahi kumfundisha kitu. "Asante kwa kuniambia," nilisema. "Leo kaa karibu nami. Palikuwa pagumu wapi?"

"Walicheka. Niliposema hapana, walicheka. Sijafanya mazoezi ya kuchekwa."

Tulimpelekea Nesi habari hiyo. Hakukasirika. "Basi tumepata somo letu," alisema. Jumatatu hiyo darasa zima lilimcheka Esau, kwa zamu, kwa vicheko vya kila namna. Nesi alimfundisha kusimama wima, kupumua, na kungoja. "Kicheko hakina miguu mirefu," alimwambia. "Kiache kifike mwisho wake." Mwanzoni Esau aliziba masikio. Mwishoni alikuwa amesimama na mikono mfukoni kama mwenye shamba.

Kisha likaja somo la wajawazito. Jioni ile tulikuwa mezani, tunakula mchuzi wa kondoo na maharagwe mabichi. Mama huwa anamuuliza Esau, "Leo mmejifunza nini?" na Esau humweleza.

"Mwanamke mwenye mimba asinywe," alisema Esau. "Hata kidogo. Akinywa, mtoto tumboni naye anakunywa. Kichwa cha mtoto kinaweza kuumia. Hakiponi."

Kijiko cha Mama kilisimama. Esau alimtazama.

"Mama, ulikunywa?"

"Esau, kula," nilisema haraka.

"Mwache," alisema Mama. Aliweka kijiko chini. "Nilikunywa, mwanangu. Nilikuwa kwenye mizabibu wakati ule. Mwenye shamba alitugawia mvinyo kama sehemu ya ujira. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe. Wanaume kwa wanawake. Sijui kama ndicho kilichokuumiza. Hakuna daktari aliyeniambia. Lakini nilikunywa, na sitakuficha."

Redio ilikuwa imezimwa. Tulisikia maji yakitiririka mferejini.

"Nesi Cupido hakuwafundisha?" aliuliza Esau.

"Hakuwapo. Hakuwapo mtu yeyote."

Esau alimtazama Mama usoni. "Basi hukujua," alisema. Akachukua kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani yake, akakiweka kwenye sahani ya Mama, akaendelea kula.

Jumatatu iliyofuata Mama alivaa koti lake la kanisani, akaja darasani na miguu yake mibovu. Aliwasimulia watu habari yake mwenyewe. Alisema anataka wasichana wa shambani wayasikie kwake.

Mwisho wa mwezi wa nne peasi ziliisha. Ghala lilifanya sherehe uani. Nyama ilichomwa, na mvinyo ulikuwa mwingi. Mimi na Mama tulikaa pembeni na wanawake wengine. Nilimwona Fanie akimwendea Esau na vikombe viwili.

"Kaka mkubwa! Msimu umeisha! Leo huna kisingizio."

"Hapana," alisema Esau.

"Kimoja tu."

"Hapana. Nina kifafa, nameza dawa. Mlinzi akilewa, mwizi anaingia."

"Mlinzi gani tena huyo?" mtu mmoja alidakia. "Dada yake amemfunga kamba!" Wanaume wote wakaangua kicheko.

Miguu yangu ilitaka kwenda. Mama alinikamata mkono wa gauni. "Kaa," alisema kwa kunong'ona.

Esau alisimama wima. Alitia mikono mfukoni. "Chekeni mmalize," alisema. "Nangoja."

Wakacheka tena, lakini kidogo. Kisha kidogo zaidi. Kisha kikabaki kicheko cha mtu mmoja, naye akaona aibu, akakohoa.

"Fanie," alisema Esau, "mimi napenda dhumna. Mvinyo sitaki. Ukinitaka mimi, panga dhumna. Ukitaka mtu wa kukuchekesha, mimi nakwenda kukaa na Mama."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza boksi linavyokunjwa. Fanie alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Alitazama vile vikombe mikononi mwake. Akaviweka chini.

"Leteni dhumna," alisema Fanie.

"Na tangawizi," alisema Esau.

Alifungwa michezo miwili, akashinda mmoja. Mama alilia hadharani na hakujificha. "Huyo ni wangu," aliwaambia wanawake, kama vile hawakujua. "Huyo pale, mwenye shati la bluu. Mwanangu."

Tangu siku ile Esau huenda kwa Fanie kila Ijumaa, na hurudi akitembea sawasawa. Hakuna anayemwambia apande juu ya benchi. Mwezi wa saba alipatwa na homa kali akaanguka kifafa palepale kibandani. Fanie alimlaza ubavu, akamwekea koti lake chini ya kichwa, akatazama saa. Nilipofika, Esau alikuwa ameshaamka. "Sikumtia kitu mdomoni," Fanie aliniambia haraka. "Esau alishanifundisha."

Mwezi wa tisa Nesi Cupido alikuja na ombi. Alitaka kuanzisha darasa jipya katika mashamba yaliyo ng'ambo ya mlima. Hakuniomba mimi. "Esau, nahitaji mwalimu msaidizi," alisema. "Utakuja?"

Esau aliniuliza kama shati lake jeupe limepigwa pasi.

Ukumbi ulikuwa umejaa: wafanyakazi, wazazi, watu wenye ulemavu wa akili na ndugu zao. Esau alisimamisha boksi lenye picha ya mtu. Alinyoosha shati lake. Halafu akaanza.

"Jina langu ni Esau Fortuin. Ninafanya kazi. Nina kifafa. Nilikuwa nakunywa, sasa sinywi. Nitawaambia jambo moja tu leo."

Akalisema. Akalirudia mara tatu, bila haraka. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Na wewe daktari, umesomea wapi?"

"Maktaba," alijibu Esau. "Jumatatu. Na wewe uje."

Ukumbi ulicheka, na yule mzee alicheka kuliko wote. Esau alitia mikono mfukoni akangoja wamalize, kisha akaendelea.

Tulipokuwa tunafungasha vitu, mwanamke mmoja alikuja na binti yake, msichana wa miaka ishirini hivi. Msichana alikuwa ameinama, nywele zimemfunika uso. Mwanamke alitupita mimi na Nesi. Alikwenda kwa Esau.

"Mwalimu," alisema, "binti yangu wanamlewesha kule shambani. Nifanye nini? Hasemi na mtu. Hata mimi hasemi nami."

Esau hakumjibu mama yule. Alivuta kiti, akakaa mbele ya msichana. Akaweka mikono juu ya magoti.

"Mimi Esau," alisema. "Wewe jina lako nani?"

Gari letu lilikuwa linapiga honi nje. Nilipotaka kumhimiza, Esau aliinua kidole kimoja, bila kunitazama. Nikamwashiria dereva angoje. Tukangoja sote, dereva, Nesi, mama wa msichana na mimi, mpaka msichana alipoinua uso.

"Lenie," alisema.

"Haya, Lenie," alisema kaka yangu. "Nakusikiliza."